Historia ya Bibi Titi Mohamed

Bibi Titi Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Siasa ilimkuta mji ukimjua tayari kwa sauti yake, kwani ndiye aliyeongoza uimbaji katika kikundi cha ngoma cha Bomba.

Chama cha TANU kilipoanzishwa tarehe 7 Julai 1954, alikata kadi namba 16; mumewe, Boi Selemani, alikuwa na namba 15. Mwaka uliofuata John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza alifika mjini, akauliza wanawake wa TANU wako wapi. Ndipo akaitwa Bibi Titi, na muda si mrefu akawekwa kuongoza sehemu ya wanawake. Tatu binti Mzee na Halima Hamisi walikuwa naye.

Wako wanaodai kwamba wanawake waliingia TANU kwa kufuata waume zao. Namba hizo mbili za kadi zisimpoteze mtu. Watumishi wa serikali walikatazwa kujiunga na vyama vya siasa, na wanaume wengi walihofia vibarua vyao. Wanawake wa ngoma hawakuwa na cha kunyang'anywa. Vikundi vyao vilikuwa na viongozi, michango na njia za kupashana habari za harusi na misiba. Bibi Titi alivipitia kimoja kimoja, na habari za mikutano zikapita njia zile zile. Kufikia Oktoba 1955 wanawake wapatao 5,000 walikuwa na kadi. Wazee husimulia kwamba wengine waliwakatia waume zao kwa siri. Hao hawakumfuata mtu, walitangulia.

Baada ya uhuru alikuwa mbunge wa Rufiji na waziri mdogo, na mwaka 1962 mwenyekiti wa kwanza wa UWT, Umoja wa Wanawake wa Tanganyika. Kiti cha ubunge alikipoteza mwaka 1965. Azimio la Arusha la 1967 liliwakataza viongozi kupangisha nyumba. Yeye alikuwa nazo, akajiuzulu uongozi wa chama.

Oktoba 1969 alikamatwa, akashtakiwa kwa uhaini, na mwaka 1971 akahukumiwa kifungo cha maisha. Rais Nyerere alimsamehe mwaka 1972. Aliishi kimya miaka mingi, hadi sherehe za miaka 30 ya uhuru, mwaka 1991, gazeti la chama tawala lilipomtaja tena kuwa shujaa.

Alifariki Johannesburg tarehe 5 Novemba 2000. Barabara inayopita Mnazi Mmoja inaitwa kwa jina lake.