Daktari Aliyesomea Gofu Vitani

Nilikuwa nadhani uwanja wa gofu ni nyasi za matajiri tu, basi. Halafu nikakutana na stori ya Alister MacKenzie.

Jamaa alikuwa daktari Mwingereza. Kwenye Vita vya Makaburu, 1899 hadi 1902, alikuwa Afrika Kusini na jeshi la Uingereza, na kuna kitu kilimkaa akilini. Wakulima wachache walikuwa wanawachapa askari wa himaya nzima bila hata kuonekana. Makaburu walijificha nyuma ya vilima na mawe yaliyokuwepo, na wakichimba handaki, linafanana na ardhi ya pale. Unapita karibu, hujui. (Hiyo ardhi haikuwa ya yeyote kati yao, lakini hiyo ni posti ya siku nyingine.)

Aliporudi kwao, mwaka wa 1907 akashiriki kuchora uwanja wa Alwoodley, karibu na Leeds. Wajenzi wengi enzi hizo walirundika udongo ukanyooka kama tuta la kaburi. Yeye alifanya kama Kaburu: mpira ufuate mteremko uliopo, na pale lazima uchimbe, ficha mkono wako. Banka zake, yale mashimo ya mchanga ya kunasa mpira, zina kingo zisizo sawa, ungedhani upepo ndio ulizichimba. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokuja, jeshi likamtumia kwa ujuzi huo huo wa kuficha mahandaki.

Kazi yake ninayoipenda zaidi ni Cypress Point, California, 1928. Kwenye shimo la 16 unasimama mwambani na unapiga mpira juu ya bahari, zaidi ya yadi 200. MacKenzie mwenyewe alisema wazo halikuwa lake, lilikuwa la Marion Hollins, bingwa wa wanawake wa Marekani wa 1921. Mchoraji aliyemtangulia aliona ni mbali mno. Inasimuliwa kwamba Hollins aliweka mpira chini, akapiga, ukavuka. Manze!

Kisha ikaja Augusta, aliyochora na Bobby Jones. Banka 22 pekee kwa mashimo 18, vilima vifanye kazi iliyobaki. Alifariki Januari 1934, miezi miwili kabla ya mashindano ya kwanza pale, na pesa zake hakuwa amelipwa zote. Leo banka zimepita 40.

Kwa TV watangazaji wanasifu maua ya Augusta. Mimi natazama miteremko, natafuta pale alipochimba. Bado sijapaona.