Kula Fungate: Safari ya Neno kutoka Chumba cha Ndani hadi Hoteli ya Ufukweni



Najua wapo watakaoona kwamba mada niliyoichagua ni nyepesi mno kwa ukumbi kama huu, maana tumezoea kuzungumzia hapa sintaksia, fasihi simulizi, au usanifishaji wa lugha. Mimi nataka kuzungumzia tangazo la hoteli. Bila shaka mmeliona: mume na mke waliooana karibuni wameketi chini ya mnazi, bahari mbele yao, dafu mkononi, na juu ya picha yameandikwa maneno yanayowakaribisha wanandoa kuja kula fungate. Bei imetajwa mara moja tu, na ndani yake mna kitanda, milo yote, vinywaji, michezo ya baharini na ngoma ya usiku. Mpango huu nitauita wa malipo jumuishi. Mgeni akishalipa kwao alikotoka, hana haja ya kutia mkono mfukoni tena mpaka arudi uwanja wa ndege.

Swali langu ni la kihistoria. Neno *fungate* lilifikaje kwenye tangazo lile, na lilipofika liliacha nini nyuma?

Tuanze na neno lenyewe. Wanafunzi wangu, kila ninapowauliza asili yake, hunijibu kwa haraka kwamba limetokana na kitenzi *funga*, kwa sababu maarusi hufungiwa ndani. Ni maelezo ya kupendeza, lakini si sahihi. Fungate ni nambari. Wagiriama na Wadigo, jirani zetu wa karibu, husema *fungahe* kwa maana ya saba. Wataita husema *mfungade*. Wangazija, ng'ambo ya pili ya bahari, husema *mfukare*. Kiswahili nacho kilikuwa na saba yake ya Kibantu, kikaiacha kilipochukua *sita*, *saba* na *tisa* kutoka Kiarabu. Ndugu zake wawili walibahatika zaidi: *tandatu* limebaki katika tungo za zamani, na *kenda* tunalisikia mpaka leo. Fungate lilipotea katika hesabu ya kila siku, likasalimika mahali pamoja tu, nyumbani kwa bibi harusi. Soko lilihesabu kwa saba na bandari vivyo hivyo. Wanawake waliosimamia harusi waliendelea kuhesabu kwa fungate.

Jambo hili halina budi kutushangaza kidogo. Mara nyingi tunapofuatilia historia ya msamiati wa pwani tunatazama jahazi, forodha na chuo cha Kurani, yaani sehemu za wanaume. Hapa nambari kongwe kuliko majahazi ya msamiati wa Kiarabu ilihifadhiwa na masomo na makungwi katika chumba ambacho hakuna mwanamume aliyeruhusiwa kuingia isipokuwa mmoja.

Chumba hicho kilikuwaje? Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake yalichapishwa na Carl Velten mwaka 1903 katika *Desturi za Wasuaheli*, ameeleza kwa kirefu mambo ya harusi, na kamusi kongwe, hadi ile ya Johnson ya 1939, zinalihusisha neno letu na siku saba za arusi. Desturi zilitofautiana kati ya mji na mji, na hata kati ya mtaa na mtaa, lakini kiini chake kilijulikana pwani nzima. Bwana harusi ndiye aliyeingia nyumbani kwa kina mke. Lamu na Pate, ambako familia zenye uwezo zilimpa binti nyumba anapoolewa, aliingia katika nyumba ambayo ni ya mkewe. Alikaa humo siku saba. Hakwenda dukani wala baharini. Chakula kilitoka kwa wazazi wa bibi harusi, kikaletwa kwa sinia lililofunikwa kawa: mkate wa kumimina na supu asubuhi, pilau au biriani mchana. Somo alikuwapo saa zote. Ndiye aliyewaandalia maji, aliyemsinga mwari, aliyejua kinachoendelea na aliyejua la kunyamazia.

Wala hakuna aliyekula bure. Kabla bwana harusi hajafika kitandani alikwishatoa *kilemba* kwa baba na *mkaja* kwa mama. Mlangoni alidaiwa *kifungua mlango*, akioshwa miguu akatoa *kiosha miguu*, na alipompa mkewe mkono kwa mara ya kwanza akatoa *kipa mkono*. Kila malipo yana jina lake, na kila jina linamtaja mtu au tendo. Mtu aliyepita milango hiyo yote alijua anayemlisha ni nani, na anadaiwa nini naye. Hata sinia lilipokwisha kazi yake halikurudi tupu, kwani chombo cha watu hakirudishwi kitupu.

Sasa naomba mnifuate mbali kidogo na pwani yetu, kwa sababu mpango wa malipo jumuishi haukuzaliwa hapa. Mwaka 1950 Mbelgiji Gérard Blitz alianzisha kambi ya mapumziko huko Alcudia, katika kisiwa cha Mallorca, Hispania. Hiyo ndiyo Club Méditerranée ya kwanza. Wageni walilala katika mahema na kula meza moja, na walikuwa wamekwisha kulipa kabla ya kufika. Ilikuwa miaka mitano tu baada ya vita, na watu waliochoshwa na kadi za mgao walivutiwa na meza ambayo hakuna anayeihesabu. Vinywaji havikuwamo katika bei, na baadaye wageni wakawa wanavilipia kwa shanga walizozivaa mwilini. (Wanawake wa pwani, wanaojua shanga huvaliwa wapi na kwa ajili ya nani, wana haki ya kutabasamu hapa.)

Aliyeufunga mpango huu kwa watu wawili wawili hakuwa wa Ulaya. Ilikuwa ni huko Jamaika. Mwaka 1978 familia ya Issa iliigeuza hoteli yake ya Tower Isle, iliyofunguliwa mwaka 1949 karibu na Ocho Rios, kuwa hoteli ya malipo jumuishi ya wanandoa peke yao, na ikaitwa Couples. Mwaka 1981 Gordon Stewart akafungua Sandals huko Montego Bay kwa mtindo huohuo. Miaka ile ya 1970 ilikuwa ya misukosuko ya kisiasa na uchumi kisiwani. Wageni waliogopa kutembea mitaani, na hoteli ikawapa kila kitu ndani ya ukuta ili wasiwe na sababu ya kutoka. Katika hoteli za Sandals iliwekwa pia kanuni kwamba mgeni asitoe bakshishi, kwa hoja kwamba huduma imekwisha kulipiwa. Kanuni hiyo ndiyo iliyonifanya nianze kufikiri juu ya kipa mkono na kifungua mlango. Wingi ule wa malipo madogo yenye majina, ambao katika fungate ulimfunga mgeni kwa watu wa nyumba, hapa umefutwa kwa makusudi, na kufutwa kwake kunauzwa kama raha.

Kwetu, hoteli za ufukweni zilianza kwa watu wengine kabisa. Katika miaka ya 1930 walowezi wa nyanda za juu za Kenya walianza kushuka Malindi kupumzika, na mwaka 1946 ilifunguliwa Nyali Beach Hotel kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa. Baada ya uhuru zikaja ndege za kukodi kutoka Ujerumani, Uswisi, Uingereza na Italia. Wajerumani wakazoeana na Diani, na Waitaliano na Malindi na Watamu. Zanzibar ilifungua mlango baadaye, hasa baada ya sheria ya kulinda vitega uchumi ya mwaka 1986, na katika miaka ya 1990 Kiwengwa ikajaa hoteli zilizouzwa Italia kwa malipo jumuishi. Kenya nayo iliushika mpango huo katika muongo huohuo. Machafuko ya Likoni ya Agosti 1997 yaliwatia wageni hofu, nazo hoteli zikapambana kujaza vyumba kwa bei ya chini inayojumuisha kila kitu. Sababu ya Jamaika na sababu ya Mombasa zinafanana kuliko tunavyopenda kukiri.

Hapo ndipo saba iliporudi kwa mlango wa nyuma. Ndege ya kukodi huja mara moja kwa wiki. Ikileta wageni Jumamosi, huwachukua Jumamosi nyingine, na kwa hiyo safari huuzwa kwa usiku saba au kumi na nne. Maarusi wa Kijerumani waliofika Diani kwa mpango huu walikaa fungate kamili kwa hesabu ya nyanya zetu, bila wao kujua na bila wenye hoteli kujua. Walifungiwa ndani, walilishwa na hawakutoka. Bangili ya plastiki mkononi iliwatambulisha mlangoni kuwa ni wa ndani.

Je, basi, tofauti ni ipi? Kwa aliye nje ya ukuta tofauti ni kubwa. Mwendesha teksi, mchonga vinyago, mwenye mashua ya kioo na mama anayesuka nywele ufukweni hawamo katika bei, na mgeni aliyekwisha kulipia chakula cha jioni haendi kula mkahawani mjini. Malalamiko yao yamesikika kwa miaka mingi. Paje na Jambiani, ambako kilimo cha mwani cha biashara kilianza mwaka 1989, wanawake wanaofunga mwani kwenye kamba hufanya kazi mbele ya macho ya watu waliokuja kutazama bahari tupu. Kwa aliye ndani pia tofauti ipo. Mpishi wa hoteli hupika kama alivyopika mama wa bibi harusi, pengine vizuri zaidi, lakini masika yakifika na vyumba vikawa vitupu, wengi wa wenzake hurudishwa makwao kungoja msimu. Fungate ya zamani haikuwa na msimu wa kumwachisha mama kazi. Lakini sitaki kuipamba: mama huyo hakupata mshahara, na mwari hakuulizwa daima kama anataka kufungiwa. Wapo binti zetu wengi leo wanaopenda zaidi chumba ambacho hakuna somo wa kutoa ripoti asubuhi.

Lugha imeyarekodi mabadiliko haya vizuri kuliko takwimu. Zamani mtu *alikaa* fungate. Leo utasikia na kusoma katika magazeti kwamba maarusi *wamekwenda* fungate, au *wako* fungate Zanzibar, kwa muundo uleule wa *wako likizo*. Neno lililotaja muda sasa linataja safari na mahali. Nimesikia hata *fungate ya siku tatu*, ambayo kwa aliyejua nambari ni sawa na kusema saba ya tatu. Msemaji hakosei, kwa sababu kwake saba haimo tena. Kitenzi *kula* nacho kimebaki, na ningependa sana kudai kwamba ni kumbukumbu ya lile sinia la wazazi. Uangalifu wa kitaaluma unanizuia. Twasema pia *kula raha*, *kula Krismasi* na *kula yamini*, ambamo hakuna chakula cha lazima, na kwa hiyo ushahidi hautoshi.

Mwanafunzi wangu mmoja, mzaliwa wa Vanga, aliwahi kunisimulia alivyomwaga bibi yake kabla ya kwenda fungate katika hoteli ya malipo jumuishi. Bibi aliuliza, "Nani atawapikia, mjukuu wangu?" Akajibiwa kwamba hoteli itapika. Akauliza tena, "Huyo hoteli ni nani wako?" Mwanafunzi alinisimulia hayo akicheka. Mimi nilivutiwa na upatanisho wa kisarufi. *Hoteli* ni ya ngeli ya I/ZI, na bibi alikuwa na meno yote ya sarufi. Aliiweka katika ngeli ya watu kwa sababu kwake kazi ya kumlisha bibi harusi haiwezi kufanywa ila na mtu, tena mtu mwenye jina la udugu.

Hilo linanileta kwenye kazi iliyo mbele ya watunga kamusi. Baadhi ya fasili za siku hizi zinatosheka kusema kwamba fungate ni mapumziko ya maarusi baada ya harusi. Hiyo ni maana halisi ya leo, na haina budi kuwekwa. Lakini naona iwe ya pili. Ya kwanza iwe ni siku saba za maarusi kukaa nyumbani kwa bibi harusi wakilishwa na jamaa zake, na mbele yake iandikwe asili ya nambari, pamoja na *fungahe* na *mfukare*. Istilahi za malipo, yaani kifungua mlango, kiosha miguu na nyinginezo, nazo zinahitaji kukusanywa mji kwa mji, kwa kuwa hazilingani Lamu, Mombasa, Tanga na Unguja, na wanaozijua kwa kuzitumia ni wanawake wenye umri mkubwa. Wanafunzi mnaotafuta mada za tasnifu, nyumba hizo hamhitaji kibali cha mbali kuzifikia. Wengi wenu mmezaliwa humo. Nendeni na daftari, na kwa adabu ya kwetu msiende mikono mitupu.