Saïo 1941: mto, chakula na wapagazi

Hapa Bunia ukitaja "mchezo wa vita" mtu anaweza kukutazama vibaya, na ana haki. Lakini Ulaya na Marekani kuna watu wazima wanaokaa mezani siku nzima wakirudia vita vya zamani kwa ramani na vipande vidogo vya karatasi ngumu. Mambo hayo yalitoka kwa wanajeshi wa Prussia. Mwaka wa 1824 ofisa mmoja, Reisswitz, aliwatengenezea wenzake mchezo wa kujifunza kuongoza majeshi bila kumwaga damu.

Mmoja kati ya michezo mikubwa ya namna hiyo unaitwa The Campaign for North Africa. Ulitoka Marekani mwaka wa 1979. Unarudia vita vya jangwani vilivyoanza Waitalia walipovamia Misri mwaka wa 1940. Unataka wachezaji 10, na saa zaidi ya 1,000 kuumaliza. Mtengenezaji wake, Richard Berg, alihesabu hata mafuta ya gari yanayopotea kwa joto. Askari wa Italia wanadai maji ya ziada ili wachemshe tambi zao! Watu wanacheka wakisikia hilo. Mimi sikucheka sana, kwa sababu vita ambavyo babu zetu walipelekwa wakati uleule viliamuliwa na mambo ya aina hiyohiyo: maji ya mto na sahani ya chakula.

Ujerumani iliivamia Ubelgiji tarehe 10 Mei 1940, na siku 18 baadaye jeshi la Ubelgiji likasalimu amri. Koloni ya Kongo, chini ya Gavana Mkuu Pierre Ryckmans, ikabaki upande wa Waingereza. Mwezi wa Novemba ikaingia vitani na Italia, ambayo ilikuwa imeikalia Ethiopia tangu 1936. Mwanzoni mwa 1941 askari wa Force Publique walianza safari. Walipita kaskazini yetu, njia ya Aba, wakaingia Sudani mpaka Juba, kisha wakashuka mto Nile kwa meli. Askari weusi, maofisa wazungu, kama ilivyokuwa desturi ya koloni.

Asosa ilianguka tarehe 11 Machi, na Gambela siku chache baadaye. Kwenye ramani ya mezani ungesema wamefaulu, sogeza kipande mbele. Lakini mbele kulikuwa na milima, na juu yake Saïo, mji ambao leo unaitwa Dembi Dolo. Huko Jenerali Pietro Gazzera alikuwa amejikusanya na maelfu ya askari, wengi kuliko Wakongo.

Hapo ndipo mambo yalipokwama. Gambela ni bandari ya mto Baro, na Baro hauna maji ya kutosha kubeba meli mpaka mvua zinyeshe. Karibu askari 3,000 na wapagazi 2,000 wakabaki wakisubiri mto ujae. Chakula kikapungua. Beriberi na kuhara damu vikaingia kambini. Beriberi ni ugonjwa wa kukosa vitamini: miguu inavimba au inakosa nguvu, na moyo unachoka. Mtu anakufa bila kuguswa na risasi. Sisi tunaoona bei ya unga ikipanda sokoni kila barabara namba 27 inapofungwa hatuhitaji kufafanuliwa sana.

Waliochoka hivyo hawakukaa kimya. Walituma doria mara kwa mara, kwa ukali, mpaka Waitalia wakaamini kwamba kuna jeshi kubwa mbele yao. Na Waitalia wenyewe walikuwa na njaa: Addis Ababa ilikuwa imeanguka mwezi wa Aprili, na wapiganaji wa Ethiopia pamoja na Waingereza walikuwa wanawabana kutoka upande mwingine. Mvua ikanyesha, mto ukapanda, vifaa na askari wengine wakafika. Jenerali Auguste Gilliaert akachukua uongozi na kushambulia tarehe 3 Julai. Siku hiyohiyo Gazzera akaomba kusalimu amri.

Mtu wa Bukavu anapita kila siku mbele ya Camp Saïo, na jina hilo liko pia kwenye barabara moja ya Kinshasa. Waulize vijana Saïo ni wapi. Majina ya Gilliaert na Gazzera yako vitabuni. Ya wapagazi, yatafute. Katika michezo ile ya mezani, mpagazi anakuwa namba tu ya uwezo wa kubeba, na nadhani waliotunga walifuata tu jinsi maofisa wa wakati ule walivyoandika.

Wengine hawakuvuka mpaka kabisa, lakini vita viliwafikia. Hapa Ituri, dhahabu ya Kilo-Moto ilichimbwa kwa nguvu za watu wetu wakati serikali ya Ubelgiji ikiwa uhamishoni London. Vijijini, kazi ya lazima ilikuwa siku 60 kwa mwaka. Mwaka wa 1942, mwaka mmoja tu baada ya ushindi wa Saïo, koloni ikaipandisha mpaka siku 120.