Mtumishi wa Patrisi: Asili ya Jina Fitzpatrick

Juma hili tunalitazama jina moja la ukoo kutoka Ireland, nalo ni Fitzpatrick. Alisikiaye mara ya kwanza hudhani ni la Wanormani, waliovuka bahari kutoka Wales mwaka 1169, maana hao ndio waliokuja na neno “fitz”, yaani mwana wa, lenye asili ya Kifaransa. Fitzgerald ni jina lao. Fitzpatrick silo.

Kwa Kiairishi jina lenyewe ni Mac Giolla Phádraig: mwana wa mtumishi wa Patrisi. Waairishi wa kale walimheshimu mno Mtakatifu Patrisi, mmisionari wao wa karne ya 5, hata kumpa mtoto jina lake tupu kulionekana ni kuthubutu mno. Mtoto aliitwa Giolla Phádraig, mtumishi wake, na hilo likatosha. Vivyo hivyo kwa Brigita walisema Giolla Bhríde, na kwa Martino, Giolla Mhártain. Ndiko yalikotoka majina Kilbride na Gilmartin. Kwa maoni yetu, majina hayo yana unyenyekevu ambao majina yetu ya ubatizo, mazuri kama yalivyo, hayana.

Ukoo huu huhesabu mwanzo wake kwa Giolla Phádraig mwana wa Donnchad, mfalme wa Osraige, nchi ambayo leo ni Kilkenny na sehemu ya Laois. Alikuwa mtu wa vita, akauawa mwaka 996.

Mwaka 1541 mzao wake, Brian, alikuwa amekwisha kupatana na Mfalme Henry VIII wa Uingereza, yule aliyejitenga na Roma. Wakuu wa Kiairishi walisalimisha ardhi zao, kisha wakarudishiwa zile zile pamoja na cheo. Nao waliahidi kuacha lugha na desturi zao, na kumkana Papa. Brian akawa Baroni wa Upper Ossory, na jina likawa Fitzpatrick. Tusiharakishe kumhukumu: alikuwa na watu na mashamba ya kulinda. Lakini tazameni tafsiri hiyo ilivyofanya. Mac ikawa Fitz, Phádraig ikawa Patrick, na giolla, lile neno la mtumishi, halikupewa nafasi. Mwana wa mtumishi wa Patrisi akageuka kuwa mwana wa Patrisi mwenyewe.

Wanaoishika lugha ya Kiairishi hata leo huliandika jina hilo kwa ukamilifu wake. Na binti asiyeolewa huandika Nic Giolla Phádraig.