Waraka, Jalada na Masijala: Njia ya Kuzifikia Kumbukumbu za Jiji la Dar es Salaam

1.0 Utangulizi

Kila serikali ya mji huacha nyuma yake karatasi nyingi: mihtasari ya vikao, barua za wakazi, rejista za viwanja, ramani, leseni na hesabu za kodi. Karatasi hizo zimeandikwa kwa fedha za umma, zinahusu maisha ya umma, na kwa hiyo umma una haki nazo. Hata hivyo, mkazi wa Kariakoo anayetaka kujua kiwanja cha babu yake kilipimwa lini, au mwanafunzi anayetafuta uamuzi uliobadili jina la mtaa, mara nyingi hurudi mikono mitupu. Sababu inayotajwa kwa kawaida ni urasimu. Urasimu upo, wala hapana haja ya kuukanusha. Lakini iko sababu nyingine ambayo haijapewa uzito unaostahili, nayo ni ya kilugha. Kumbukumbu huhifadhiwa chini ya jina lililotumiwa na karani wa wakati ule, ilhali mwombaji huitafuta kwa jina la leo. Mhadhara huu unaichunguza hoja hiyo kwa kuifuata historia ya Jiji la Dar es Salaam.

2.0 Msamiati wa kumbukumbu

Msamiati wenyewe una historia. Neno waraka, ambalo wingi wake ni nyaraka, limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya jani au karatasi. Hati imetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mwandiko. Jalada lina asili moja na maneno yanayohusu ngozi, kwa kuwa vitabu vilijalidiwa kwa ngozi. Masijala, yaani chumba ambamo majalada husajiliwa na kutunzwa, ina mzizi mmoja na sajili na msajili. Faili limetoka katika Kiingereza. Kumbukumbu peke yake ndiyo iliyozaliwa ndani ya Kiswahili, kutokana na kitenzi kumbuka.

Maneno haya hayana maana moja, na tofauti zake zina matokeo. Katika utawala wa Tanzania, kumbukumbu ni maandishi ya ofisi yanayoendelea kutumika au yanayosubiri kuamuliwa hatima yake. Nyaraka ni yale yaliyochaguliwa yahifadhiwe daima kwa thamani yake ya kihistoria. Ndiyo maana chombo kinachohusika kikaitwa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, na sheria yake, Namba 3 ya mwaka 2002, ikayataja yote mawili. Anayetafuta kumbukumbu huanzia masijala ya ofisi iliyoiandika. Anayetafuta nyaraka huenda kwenye Idara. Kwa utaratibu wa sheria hiyo, umri wa miaka 30 ndio mpaka mkuu unaoyafungua maandishi kwa wasomaji.

3.0 Jina moja, mamlaka nyingi

Swali la kwanza la mtafutaji si "kumbukumbu iko wapi?" bali "nani aliyekuwa na madaraka mwaka ule?" Kwa Dar es Salaam, swali hilo halina jibu moja. Mji ulioanzishwa na Sultani Majid wa Zanzibar katika miaka ya 1860 ulifanywa makao makuu ya utawala wa Wajerumani mwaka 1891. Chini ya Waingereza uliongozwa kwanza kama mji mdogo, kisha ukapata hadhi ya manispaa mwaka 1949 na hadhi ya jiji mwaka 1961. Meya wake wa kwanza Mwafrika alikuwa Sheikh Kaluta Amri Abedi, mshairi ambaye wanafunzi wa Kiswahili wanamfahamu zaidi kwa kitabu chake cha kanuni za utunzi kilichochapishwa mwaka 1954.

Mwaka 1972, chini ya sera ya madaraka mikoani, halmashauri ya jiji ilifutwa na shughuli zake zikahamia katika ofisi za serikali za mkoa na wilaya. Serikali za miji zilirudishwa mwaka 1978. Mwaka 1996 halmashauri ilivunjwa tena na nafasi yake ikachukuliwa na Tume ya Jiji. Mwaka 2000 kukawa na Halmashauri ya Jiji pamoja na manispaa tatu za Ilala, Kinondoni na Temeke. Baadaye zikaongezwa Ubungo na Kigamboni. Mwezi Februari 2021 Halmashauri ya Jiji ilivunjwa, na Manispaa ya Ilala ikapandishwa hadhi kuwa Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam.

Matokeo ya mlolongo huu ni kwamba neno "Jiji" katika barua ya mwaka 2010 na neno hilohilo katika barua ya leo hayataji chombo kimoja wala mipaka ileile. Mkazi wa Kinondoni anayeiandikia Halmashauri ya Jiji ya sasa kuhusu uamuzi wa manispaa yake anaweza kujibiwa kwamba halmashauri haina kumbukumbu hiyo, na jibu hilo likawa la kweli. Asiyeijua historia hii huchukulia kuwa kumbukumbu imepotea, kumbe aliyepotea ni mwandikiwa.

Tena, si kila jambo la mji liko kwa serikali ya mji. Majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yalitwaliwa na serikali kwa sheria ya mwaka 1971 na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba, ambaye majukumu yake yaliunganishwa na ya Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Historia ya ghorofa la Uhindini yaweza basi kuanzia katika rejista ya ardhi na kuishia katika majalada ya shirika.

4.0 Lugha za majalada

Ugumu wa pili ni wa lugha yenyewe. Katika miaka ya mwanzo ya utawala wa Wajerumani, barua nyingi za Kiswahili ziliandikwa kwa hati za Kiarabu. Mkusanyo wa C. G. Büttner wa mwaka 1892 ni ushahidi wake. Majalada ya Kijerumani, ambayo UNESCO iliyaingiza katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997, yana kurasa za mwandiko wa kale ambao hata Mjerumani wa leo huusoma kwa kujifunza. Kisha kikaja Kiingereza. Ni mwezi Januari 1967 ambapo Makamu wa Pili wa Rais, Rashidi Kawawa, aliagiza Kiswahili kitumike katika shughuli za serikali.

Majina ya mitaa yalibadilika sambamba na lugha hizo. Barabara ya Samora ya leo iliitwa Unter den Akazien wakati wa Wajerumani, Acacia Avenue wakati wa Waingereza, na Independence Avenue baada ya Uhuru. Anayetafuta "Samora" katika majalada ya mwaka 1935 hataona kitu. Kariakoo nayo imebeba jina la kikosi cha wapagazi cha Waingereza cha Vita Kuu ya Kwanza. Kwa hiyo jina hilo halitegemewi katika ramani za Wajerumani, ingawa ardhi ni ileile.

5.0 Haki ya kuomba

Ibara ya 18 ya Katiba ya Tanzania inatambua haki ya kupata taarifa. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Namba 6 ya mwaka 2016, inampa raia utaratibu wa kuomba kwa maandishi, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Nchini Kenya, sheria ya mwaka huohuo, iliyojengwa juu ya Ibara ya 35 ya Katiba ya mwaka 2010, inaweka siku 21, na inatamka wazi kuwa ombi laweza kuandikwa kwa Kiingereza au Kiswahili. Asiyeweza kuandika husaidiwa na afisa, ambaye huyaweka maombi yake katika maandishi. Hapa lugha imetajwa kuwa sehemu ya haki yenyewe.

Sheria zote mbili, hata hivyo, zinamtaka mwombaji aeleze anachokitaka kwa namna itakayomwezesha afisa kukitambua. Sharti hili ni la haki, lakini ndilo linalowaangusha wengi. Ombi la "taarifa zote za kiwanja chetu" halimsaidii karani. Ombi linalotaja mamlaka ya wakati ule, mwaka, jina la mtaa kama lilivyoitwa, aina ya kumbukumbu, na namba ya jalada iliyo kwenye kichwa cha barua ya zamani, humfikisha karani kwenye rafu. Namba hiyo, ambayo wengi huipuuza, ndiyo anwani ya kumbukumbu ndani ya masijala.

6.0 Hitimisho

Historia ya Jiji la Dar es Salaam inaonyesha kuwa kumbukumbu nyingi hufichwa na mabadiliko ya majina kabla ya kufichwa na mtu. Kwa hiyo wataalamu wa lugha wana kazi ambayo wanasheria hawawezi kuwafanyia: kuandaa faharasa ya majina ya kale na mapya ya mitaa, ofisi na vyeo, pamoja na kuwafunza vijana kusoma Kiswahili cha hati za Kiarabu. Pasipo kazi hiyo, sheria itaendelea kumpa mwananchi haki ya kuuliza, naye ataendelea kukosa jina la kile anachokiuliza.