Mtetemo Chini ya Mguu

Baba yangu alijifunza udereva kwenye malori, nami nikajifunza kwake. Kwenye utelezi alikuwa na kanuni moja: "Usiing'ang'anie breki, mwanangu. Kanyaga, achia, kanyaga."

Mwaka juzi, mvua ikinyesha, alifunga breki ghafla kwenye gari dogo alilokuwa amelinunua mkononi kwa mtu. Pedali ikatetemeka na kukwaruza. Akadhani breki zimekufa, akaondoa mguu. Gari likaishia mtaroni. Hakuumia, lakini fundi alimshauri wachomoe fyuzi ya ABS ili "isimsumbue tena".

Mtetemo ule una historia. Gurudumu likijifunga, tairi haliviringiki tena, linaburuzwa. Mshiko wake kwenye lami hupungua, na ukikata usukani gari halifuati. Tatizo hili lilisumbua ndege kabla ya magari, kwa kuwa matairi yaliyojifunga wakati wa kutua yaliweza kupasuka. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya Dunlop ya Uingereza ilileta Maxaret, mtambo usio na elektroniki uliohisi gurudumu linapotaka kusimama ghafla, ukalegeza breki. Mwaka 1966 ukawekwa kwenye gari la Jensen FF, lakini magari hayo yalitengenezwa 320 tu.

Wajerumani walionyesha mfumo wa kielektroniki mwaka 1970, ila vifaa vya wakati huo havikuaminika vya kutosha. Elektroniki za kidijitali ndizo zilizowavusha. Mwaka 1978 mfumo wa Bosch ukaanza kuuzwa kwenye Mercedes-Benz S-Class. Sensa hupima mwendo wa magurudumu. Moja likielekea kujifunga, kompyuta huamuru vali zilegeze shinikizo la breki, kisha zilirudishe, mara kadhaa kwa sekunde.

Soma tena sentensi hiyo. Ni kanuni ya baba, kwa kasi ambayo hakuna mguu unaoiweza.

Mashine haikumaliza hatari zote. Kwenye changarawe, gari lenye ABS linaweza kuchukua umbali mrefu zaidi kusimama. Na utafiti wa teksi za Munich katika miaka ya 1980 haukuona ajali zikipungua kwa waliokuwa na ABS: baadhi ya madereva walijiamini kupita kiasi.

Kwa hiyo sikumpa baba hotuba. Nilimpeleka kwenye uwanja mtupu baada ya mvua. "Kanyaga, baba. Usiachie." Pedali ikatetemeka, gari likasimama limenyooka. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Kumbe ilikuwa inanisaidia."

Fyuzi haikuchomolewa.