Taimushea: bei inaisha, ada ya mwaka haiishi

Leo naomba niliseme jambo ambalo nimelikalia kimya miaka mingi, kwa aibu tu.

Mwezi uliopita, saa nne usiku, nilipigiwa simu na kijana mmoja Mtanzania mwenzetu. Anaishi hapa Georgia kama mimi. "Shikamoo kaka. Jumamosi tulikuwa Orlando na watoto, tumenunua nyumba ya likizo. Sasa mama watoto anasema nikuulize wewe, manake una ya kwako siku nyingi."

Nikamuuliza swali moja tu: ada ya mwaka ni dola ngapi?

Kimya. Bei anaijua, atakachokatwa kila mwezi anakijua, hata rangi ya makochi anaikumbuka. Ada ya mwaka hajui. Sikumcheka, manake na mimi mwaka 2007 sikujua. Nikamwambia, mdogo wangu, kachukue hizo karatasi unisomee tarehe ya kusaini. Nitawaambia mwishoni ilikuwaje. Kwanza darasa.

TAIMUSHEA NI NINI HASA

Ni jengo la likizo, vyumba vina jiko na sebule, halafu kila chumba kinagawanywa kwa wiki za mwaka. Wewe unauziwa wiki moja, mwenzako nyingine, na kadhalika. Wazo lilianza Ulaya miaka ya 1960 (kampuni ya Hapimag ya Uswisi ilianzishwa 1963), likavuka bahari likanoga Marekani, hasa Florida. Siku hizi wengi hawauziwi wiki, wanauziwa pointi. Jina limebadilika, ada iko pale pale.

Ziko za aina mbili. Moja ni haki ya kutumia kwa miaka fulani, halafu basi. Nyingine ni hati kabisa, kama hati ya kiwanja, isiyo na mwisho. Mimi nilipewa hati. Nilifurahi sana, nikajiona mwenye mali Marekani. Kumbe nilichosaini ni ahadi ya kulipa bili isiyo na mwisho.

HESABU YANGU MWENYEWE

Tulivutwa kwa tiketi mbili za bure za kuingilia bustani za michezo. Masharti: tukae kwenye maelezo dakika 90. Tulikaa saa tano. Watoto wamechoka, mama watoto amechoka, jamaa anashusha bei kila tukisimama. Mwisho tukasaini.

Bei: dola 14,500. Nikatoa 1,450 palepale, zilizobaki mkopo wa muuzaji mwenyewe kwa riba ya asilimia 15.9, miaka kumi. Nikawa nakatwa dola 218 kila mwezi. Fanya hesabu: miezi 120 ni dola 26,160. Weka na ile 1,450 unapata 27,610. Hiyo ndiyo bei halisi ya kitu cha 14,500.

Sasa ada. Bili ya kwanza, Januari 2008, dola 612. Nikasema hii naiweza. Ikawa inapanda taratibu, kama asilimia 5 kwa mwaka, unaiona ndogo. Bili ya Januari 2024 ilikuwa dola 1,336. Bili 17 kwa jumla zimekula kama dola 15,800. Ongeza mchango maalumu wa dola 480 tuliotozwa mwaka mmoja kwa ajili ya paa.

Jumla kuu ni karibu dola 44,000. Katika miaka yote hiyo tumekwenda mara 9. Gawanya mwenyewe: kama dola 4,900 kwa kila wiki tuliyolala pale, bila mafuta ya gari wala chakula.

Kilichonizindua ni kitu kidogo. Mwaka 2023 niliingia kwenye intaneti nikakuta chumba cha aina ile ile, jengo lile lile, wiki ile ile, kinapangishwa dola 129 kwa usiku. Na kodi ya asilimia 12.5 ya pale Orlando, wiki nzima haifiki dola 1,020. Mpita njia asiye na hati analipa chini ya mimi mwenye hati! Na akiahirisha safari, hadaiwi kitu.

ADA INALIPIA NINI

Tusiseme ni wizi mtupu. Ada ina kazi zake:

1. Uendeshaji: wafagiaji, walinzi, umeme, maji, bwawa, kufua mashuka.
2. Bima ya jengo. Florida hii imepanda sana kwa sababu ya vimbunga.
3. Kodi ya majengo ya kaunti. Mara nyingi inakuja humo humo kwenye bili.
4. Akiba ya matengenezo makubwa: paa, lifti, makochi mapya.
5. Malipo ya kampuni inayosimamia jengo.
6. Pengo la wasiolipa. Hili hawakuambii mezani. Wenzako wakishindwa au wakifa, gharama za jengo hazipungui, zinagawanywa kwa mnaolipa.

Ndiyo maana inapanda. Jengo linazeeka, mishahara inapanda, bima inapanda, na wanaolipa wanapungua. Mkataba wangu haukuwa na kikomo chochote cha ongezeko. Na mwenye kura nyingi kwenye kikao cha wamiliki mara nyingi ni kampuni yenyewe, manake ndiyo inashika wiki nyingi kuliko mtu mmoja mmoja.

Ukitaka picha ya jumla: ripoti za miaka ya karibuni za ARDA, chama cha wafanyabiashara hao wa Marekani, zinaonyesha wastani wa bei unaozidi dola 20,000, na wastani wa ada unaozidi dola 1,000 kwa mwaka. Hao ni wenyewe wauzaji wanasema, sio mimi.

Kingine: unalipa uende usiende. Mwaka 2020 korona ilifunga sehemu nyingi za likizo. Hatukwenda popote. Bili nililipa yote.

GHARAMA NYINGINE ZA PEMBENI

Mchango maalumu. Akiba isipotosha, wamiliki wanachangishwa. Kimbunga Ian kilipopiga kusini magharibi mwa Florida, Septemba 2022, majengo ya ufukweni yaliharibika vibaya. Jengo la pamoja likiharibika hivyo, kile ambacho bima haikukilipa kinawarudia wenye hati.

Kubadilishana. Wanakuambia unaweza kutoa wiki yako ya Orlando ukaenda Hispania. Kweli inawezekana, lakini kupitia makampuni kama RCI na Interval International. Huko kuna ada ya uanachama kila mwaka, na ukibadilishana kuna ada nyingine, dola mia mbili na zaidi kwa safari moja. Na uwe umeomba mapema.

Faini ya kuchelewa. Bili yangu ilikuwa inakuja Januari. Januari ndiyo hiyo hiyo nyumbani shule zinafunguliwa. Mwaka 2014 dada yangu alinipigia, mtoto wake kapata nafasi ya kidato cha kwanza na hana ada. Nilituma hela nyumbani, bili ya taimushea nikaichelewesha. Faini ikaja, riba juu yake. Mwaka uliofuata niliogopa, nikalipa bili kwanza, mtoto akakaa nyumbani wiki tatu akisubiri. Sijawahi kumwambia dada yangu sababu ya kweli. Akisoma hapa ndiyo atajua. Nisamehe dada.

UKIAMUA KUACHA KULIPA

Usifikiri watasahau. Jina lako linaharibika kwenye rekodi za mikopo, deni linaweza kupelekwa kwa wakusanya madeni, na Florida sheria inaruhusu hata wiki yenyewe inyang'anywe kwa utaratibu usiopita mahakamani. Kwa sisi wahamiaji tunaotafuta mkopo wa nyumba, rekodi chafu ni kesi kubwa.

Kuuza? Ingia eBay uone wiki zinazouzwa dola 1 na bado zinakosa mtu. Mnunuzi naye anajua kuwa anachochukua ni bili.

Urithi? Muuzaji wangu alitaka tuandike majina ya watoto kwenye hati, eti zawadi yao. Mungu alinisaidia nikakataa. Mtoto ambaye jina lake liko kwenye hati ana wajibu wa kulipa tangu siku hiyo. Ambaye hayupo anaweza kuukataa urithi kwa maandishi. Kanuni ya kodi ya shirikisho inatoa miezi 9 tangu kifo, na asiwe ameutumia hata siku moja. Muone mwanasheria wa jimbo husika.

Halafu matapeli. Ukishakuwa na taimushea simu hazikomi: "tuna mnunuzi, tuma kwanza hela ya karatasi." Mwaka 2024 serikali ya Marekani, FBI ikiwemo, ilitangaza kuwa watu kama 6,000 waliripoti kupoteza karibu dola milioni 300 kati ya 2019 na 2023 kwa utapeli wa aina hii unaoendeshwa toka Mexico. Anayetaka hela kabla ya kazi, kata simu.

Mimi nilitokaje? Niliwaandikia kampuni yenyewe, kwa barua, kuomba waichukue bure. Makampuni mengi yana mpango huo ila hayautangazi. Masharti: mkopo uwe umeisha na usidaiwe ada. Niliandika mara tatu. Mwisho wa 2024 wakakubali, nikalipa dola 350 za kuhamisha hati. Halafu nikahakikisha kwenye rekodi za kaunti kuwa jina langu limetoka. Usiruke hatua hiyo. Jina likibaki, bili itakufuata.

KAMA UMESAINI JUZI, SOMA HAPA

Sheria ya Florida inakupa siku 10 za kalenda kufuta mkataba, kuanzia siku uliyosaini au uliyopokea nyaraka zote zinazotakiwa, yoyote iliyo ya mwisho. Haki hiyo haiwezi kuondolewa hata ukisaini kwamba umeiacha. California ni siku 7, Nevada siku 5. Walioko Uingereza wana siku 14. Utaratibu:

- Usipige simu, andika barua. Kwenye simu watakubembeleza mpaka siku ziishe.
- Taja jina, namba ya mkataba, tarehe, na sentensi moja: nafuta mkataba huu. Huhitaji kutoa sababu.
- Tuma kwa rejista, anwani ile ile iliyoandikwa kwenye mkataba, tunza risiti. Kinachohesabika ni tarehe ya muhuri wa posta.

Na kama hujasaini, uliza haya na ujibiwe kwa maandishi: ada ya mwaka huu ni ngapi? Ya miaka mitano iliyopita je? Kuna kikomo cha kupanda? Akiba iko kiasi gani? Asilimia ngapi ya wamiliki hawalipi? Inaisha lini, na natokaje? Akijibu "hayo tutaongea baadaye," chukua tiketi zako za bure uondoke. Ulizifanyia kazi.

Turudi kwa kijana wetu. Alisaini Jumamosi, alinipigia Alhamisi. Siku ya tano. Ijumaa asubuhi niliomba ruhusa kazini, tukaandika barua mezani kwangu, mistari minne, tukaenda posta wote watatu. Mkewe ndiye aliyeshika risiti, akaikunja akaiweka ndani ya Biblia. Juzi kanipigia: hela ya utangulizi imerudi yote.

Ada yake ya mwaka tuliikuta ukurasa wa 31. Dola 1,410, mwaka wa kwanza tu.

Haya wadau, kama kuna mwenzangu aliyepita humu, atoe uzoefu wake hapo chini bila jina. Aibu nimeshaitoa mimi.